Alhamisi za Cheamani

Mikinduri, muhula wa pili, 2001

Jumatatu, 7 Mei

Shajara hii alinipa Mwalimu Njoka mwezi wa kwanza, zawadi yangu kama mwenyekiti wa kamati ya shule, Cheamani kama wanavyoniita wote. Mpaka jana ilikuwa na kazi moja tu: kurasa za Januari hadi Aprili zimeshafungia watu maini buchani kwangu. Leo naandika, maana nisipoandika nitampiga mtu.

Shule zimefunguliwa. Nilipita kule asubuhi nikitoka machinjioni, viatu bado vina damu, nikakuta watoto wako gwarideni. Mwalimu Njoka ndiye mwalimu mkuu wetu, Muembu wa Runyenjes, mtu mpole mwenye koti kubwa kuliko mabega yake. Alikuwa amesimama mbele ya shule nzima anasoma amri ya wizara. Kuanzia sasa hakuna kumchapa mwanafunzi. Mwalimu atakayeshika kiboko atashtakiwa.

Kisha shule ikalipuka kwa vigelegele. Wavulana wa darasa la nane wakavamia ofisi, wakatoa fimbo zote na kuziwasha moto chini ya bendera, na wadogo wakaanza kuruka majivu. Walimu walisimama kando midomo wazi kama mimi. Nikaelewa kwamba hata wao walikuwa wanaisikia amri ile kwa mara ya kwanza, siku moja na watoto wa darasa la kwanza.

Nikamvuta Njoka pembeni. "Mwalimu, jambo kama hili unawasomea watoto kabla ya kutuambia wazazi?"

"Cheamani, mimi niliambiwa nisome," akasema. "Sikuambiwa niulize mtu."

Mimi nilichapwa na marehemu baba mpaka fimbo zikamwishia, na leo nina bucha, mke na heshima zangu. Sasa mtu wa Nairobi ambaye hajui hata barabara ya kuja Mikinduri ameamka asubuhi akatufunga mikono. Nimekasirika mpaka nimekata nyama ya mteja vibaya.

Jumatano, 9 Mei

Mvua. Binti yangu Rahema, aliye darasa la saba, anasema ni yeye peke yake aliyefanya hesabu za nyumbani. Walimcheka.

Jumanne, 15 Mei

Nilisema. Nilisema na sikusikilizwa.

Kuna kijana wa darasa la nane anaitwa Kirimi, mtoto wa Kithinji. Alitahiriwa Desemba, na kwa Wameru mvulana aliyetoka jandoni si mtoto tena. Ni muthaka, kijana wa kiume kamili, hata kama bado anavaa kaptula ya shule na kugawanya hakujui. Leo Mwalimu Celina alimwambia aokote takataka pamoja na wenzake. Kirimi akasema hawezi kuinama na watoto. Celina akamshika mkono. Kijana akamsukuma, mwalimu akaanguka kwenye ngazi za darasa, na mfupa wa mkono ukavunjika. Waliokuwa karibu wanasema ulilia kama kijiti kikavu.

Wavulana wengine wakaona hiyo ndiyo ruhusa. Kufika saa nne walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe kwa mawe na miguu ya madawati. Mtoto wa darasa la tano amepasuliwa kichwa. Walimu wameweka chaki chini, wamejifungia chumbani mwao, na wanasema serikali ije ifundishe yenyewe.

Nimewaita wazazi wote Alhamisi. Afisa wa elimu naye ameahidi kuja.

Alhamisi, 17 Mei

Afisa hakuja. Wazazi walikuja mpaka wengine wakasimama nje kwenye matope.

Njoka alijaribu kueleza amri na sauti yake ikamezwa na kelele. Halafu akasimama Celina, mkono wake kwenye plasta. Nilidhani yeye ndiye atakayedai kiboko kuliko sisi sote. Akasema, "Hii amri si mbaya. Ubaya ni vile imeletwa. Wazazi hamkuulizwa, walimu hatukuulizwa, wazee hawakuulizwa. Na hao watoto wenye wanachapwa, hakuna mtu hata anafikiria kuwauliza. Tukae chini sote, hata watoto, tukubaliane mtoto akikosa tutafanya nini."

"Watoto waulizwe?" nikasema kwa sauti. "Na mimi nikifika machinjioni nianze kumuuliza ng'ombe?"

Watu walicheka mpaka mabati yakalia. Celina akaketi. Mimi nilijiona nimesema neno.

Hapo nikatoa shauri langu, na nalikumbuka vizuri kwa sababu lilikuwa langu peke yangu. Nikasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sheria imefunga mkono wa mwalimu, haikufunga mkono wa mzazi. Basi kila Alhamisi wazazi waje kwa zamu, waliokosa wiki hiyo watolewe mbele, na mzazi achape. Ni Alhamisi kwa sababu Ijumaa mimi niko msikitini. Na ili pasiwe na upendeleo, mzazi asimchape mtoto wake mwenyewe, maana atamwonea huruma. Amchape wa mwenzake.

"Hawa watoto ni wetu ama ni wa serikali?" akapaza sauti Muthamia, mfanyabiashara wa miraa. "Kama ni wetu, tutachapa!"

Mikono yote ikaenda juu, hata wa chifu. Nikaahidi mjeledi mmoja wa shule nzima, wa ngozi ya fahali, nitakaoukausha na kuusuka mimi mwenyewe. Mjeledi mmoja kwa wote ndiyo haki.

Alhamisi, 24 Mei

Alhamisi ya kwanza. Wakosaji walilazwa juu ya dawati uani, mmoja baada ya mwingine, wawili wakishika mikono na wawili miguu. Mjeledi wangu unalia hewani kabla haujafika. Kufika yule wa nne hapakuwa na mtoto aliyenong'ona popote shuleni.

Walimu wamerudi darasani. Njoka alinipa mkono, lakini aliniangalia viatu. Watu wananiita sokoni kwa majina ya sifa. Nimelala usingizi mzuri.

Jumatatu, 28 Mei

Watoto wameupa mjeledi jina. Wanauita Cheamani. Leo niliwasikia wawili wakipita mbele ya bucha: "Wewe ulikula Cheamani?" "Nilikula mpaka nikajikojolea." Nilicheka na mteja.

Alhamisi, 31 Mei

Zamu ya akina mama. Mama mmoja alichapa huku analia, akachapa, akalia, hakujua kuacha. Ikabidi anyang'anywe mjeledi.

Jumatatu, 4 Juni

Maulidi. Kibibi, mke wangu, alipika pilau ya kutosha mtaa mzima. Rahema alikula kijiko kimoja akaenda kulala. Nikamuuliza mama yake kama ni malaria. Akasema, "Muulize mwenyewe. Au watoto huwa hawaulizwi?" Maneno ya mkutanoni yamefika jikoni kwangu.

Alhamisi, 7 Juni

Ukungu na baridi. Zamu ilikuwa ya Muthamia na wengine wawili. Muthamia alimchapa mtoto wa jirani yake, yule mwenye kesi naye ya mpaka wa shamba, mpaka shati likashikana na mgongo. Kosa la mtoto lilikuwa kuchelewa. Nilimwambia, "Muthamia, taratibu." Akajibu, "Si ni Cheamani yako? Mimi nashika mpini tu."

Neno hilo limenikaa vibaya mchana kutwa.

Jumanne, 12 Juni

Kithinji, baba yake Kirimi, alikuja buchani. Hakununua kitu. Alisubiri wateja waondoke, panga lake la shamba mkononi, kama kila mwanamume hapa atembeavyo na panga, na sikuliwazia neno.

"Kasim," akaniita kwa jina langu, "nisikize. Nimesikia wiki ijayo ni darasa la nane. Huyu kijana yangu alishatoka kwa jando. Akikosa, kuna watu yake wakubwa wa kumwita kando wamfunze, na huwa wanamfunza vibaya sana, usidhani ni mchezo. Lakini kuchapwa mbele ya wasichana na vitoto havijatahiri? Hiyo hapana. Hiyo ni kuniambia mimi sina kijana."

"Kijana wako alimvunja mwalimu mkono," nikasema.

"Nilitoa mbuzi kwa mwalimu, nikaomba msamaha na yeye akakubali. Wazee walimwita kijana. Hiyo maneno iliisha. Nyinyi watu ya bucha hamkuuliza."

Nikamjibu kwamba sheria ni moja kwa wote. Kwetu Waislamu mvulana hutahiriwa akiwa bado mdogo, akilia anapewa peremende, na kesho yake anachapwa kama kawaida. Sijaona cheo ndani ya kisu cha ngariba. Nilimwambia hivyo hivyo, na nikacheka.

Kithinji hakucheka. "Sawa," akasema. "Basi umeambiwa."

Alhamisi, 21 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ilikuwa zamu ya Muthamia tena, kwa sababu wazazi wengine siku hizi hawaji. Wanasema wana palizi. Darasa la nane lilipangwa mstari, la saba limekaa nyasini linatazama, na wasichana wako mbele. Rahema alikuwa pale. Kirimi akaitwa kwa kosa la kumpigia mwalimu mluzi. Akaja. Akasimama wima mbele ya dawati.

"Lala," Muthamia akasema.

"Silali. Niite kando na watu yangu, hata mniue huko. Hapa silali."

Muthamia akampiga mjeledi usoni. Ngozi ya shavu ilifunguka kutoka sikioni mpaka mdomoni. Wasichana wakapiga kelele. Kijana hakugusa uso. Aliushika mjeledi ukiwa unarudi, akauvuta, na akamgeuzia Muthamia: kichwani, shingoni, na mikononi Muthamia alipojikinga. Mtu mzima alipiga magoti.

Tukamrukia. Nasema tukamrukia kwa sababu na mimi nilikuwemo. Wazazi watano kwa kijana mmoja. Mimi nilishika miguu, nikaikunja na kuikalia kama ninavyomkalia fahali kabla ya kisu. Nilisikia mateke yakimwingia mbavuni. Mmoja alimkanyaga taya na nikasikia mlio wake. Sikuachia. Nilikuwa nashika miguu vizuri, kazi yangu naijua.

Kithinji alitoka upande wa choo. Sikumwona mpaka panga lilipopita juu yangu. Lilimpata Muthamia kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko, na damu iliruka mpaka kwenye sweta za watoto. Akainua mara ya pili. Watu walikimbia wote. Njoka, yule Njoka wa koti kubwa, ndiye aliyesimama katikati na mikono mitupu akasema, "Nikate mimi kwanza, mzee Kithinji. Lakini watoto wako wanaangalia." Panga likakaa hewani. Kisha Kithinji akalitupa, akakaa chini karibu na mwanawe, akaanza kumfuta uso kwa kofia yake.

Nilimfunga Muthamia mkono kwa mshipi wangu. Polisi walikuja. Kirimi amepelekwa hospitali kwa gari la miraa, taya limevunjika, mbavu hatujui. Kithinji yuko ndani.

Nimeoga mara mbili.

Ijumaa, 22 Juni

Msikitini imamu alizungumzia subira. Sikusikia kitu.

Jumapili, 24 Juni

"Baba, ulimshika miguu?" Rahema ameniuliza leo, mbele ya chai.

"Nani amekuambia?"

"Nilikuwa pale."

Nikamwambia mambo ya wakubwa ayaache. Akainuka akaosha vikombe.

Jumatano, 27 Juni

Chifu ameniambia tusimamishe Alhamisi mpaka mambo yapoe. Wazazi wamegawanyika. Wa upande wa Kithinji hawanunui tena nyama kwangu. Nyumba yetu ilipigwa mawe jioni, bati moja limetoboka. Afisa wa elimu alifika hatimaye, akauliza maswali, akanywa soda, akaondoka.

Kibibi ananiambia niache uenyekiti. "Mkuki kwa nguruwe," akasema, na hakumalizia. Nikamjibu kwamba mtu akiacha kamba katikati, fahali huamka na kumuua. Huo ndio ukweli ninaoujua mimi.

Jumatatu, 2 Julai

Baridi kali. Wavulana wamevunja madirisha ya darasa la nne. Kamati imekutana, tumeamua Alhamisi zirudi. Celina alisema hapana. Njoka alisema hapana. Kura zikawashinda. Muthamia alikuja na mkono kwenye bandeji akasema zamu ni yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyetokwa na damu. Hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Alhamisi, 5 Julai

Mjeledi haukuonekana.

Ulikuwa unatundikwa ofisini nyuma ya mlango. Asubuhi msumari ulikuwa mtupu. Muthamia akasema shule nzima itapiga magoti kwenye changarawe mpaka mwizi apatikane, nami nikakubali. Watoto wakapiga magoti. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Wale wadogo wakaanza kulia kimya kimya.

Kisha Rahema akasimama.

"Ni mimi. Niliutupa kwenye choo."

Yeye ambaye hajawahi hata kuchelewa. Magoti yake yalikuwa na alama za changarawe. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Muthamia.

Uwanja mzima ukanigeukia. Wazazi, walimu, watoto waliopiga magoti. Nilijua wanangoja nini. Sheria ni moja kwa wote, nani alisema? Mzazi asimchape wa kwake, nani alisema? Muthamia akaniuliza taratibu, karibu kwa adabu, "Cheamani, tufanye aje?"

Ningeweza kusema basi. Neno moja. Niliona nikilisema, Kithinji atacheka huko rumande, na Mikinduri nzima itajua kwamba mtoto wa mwenyekiti ana ngozi tofauti na watoto wa watu. Nikasema, "Sheria ni ile ile."

"Cheamani, usifanye hivi," Celina akasema nyuma yangu. Sikugeuka.

Mjeledi haukuwepo, kwa hiyo Muthamia alitumia mkono wake mzima. Mkono wa mtu anayebeba magunia ya miraa tangu utotoni. Alimpiga kofi moja sikioni. Rahema hakulia. Alikwenda upande kama aliyesukumwa na upepo, akaanguka, na damu ikaanza kutoka sikioni, nyembamba, ikaingia kwenye kola nyeupe ambayo mama yake aliifua jana.

Sikumbuki nilivyomfikia Muthamia. Nakumbuka meno yake kwenye ngumi yangu. Nakumbuka nimemkaba koo na kichwa chake kinagonga ardhi, na mimi nasema neno moja tu, wangu, wangu, wangu. Walimu walinibandua. Nikakimbia. Sikukimbilia kwa mtoto. Nilikimbilia bucha, nikachukua kisu cha kuchinjia, kile kirefu, nilichokuwa nimekinoa alfajiri.

Kibibi alikuwa amesimama mlangoni, alikuwa ananishikia duka. Aliona kisu na uso.

"Nipishe."

"Kisu hicho unachinjia kwa jina la Mwenyezi Mungu," akasema. "Huyo unayemwendea utamchinja kwa jina la nani?"

"Amempiga Rahema! Damu inamtoka sikioni!"

Macho yake yalibadilika, lakini mlangoni hakutoka. "Na mtoto umemwacha na nani?"

Kisu kiliniponyoka, kikasimama kwenye gogo la kukatia nyama, na yeye alikuwa ameshatoka mbio na miguu mitupu.

Tulimkuta Njoka njiani. Alikuwa amembeba Rahema mgongoni, amemfunika kwa lile koti lake kubwa nililokuwa nikilicheka.

Jumamosi, 7 Julai

Hospitali, Meru. Daktari anasema ngoma ya sikio la kulia imepasuka vibaya na kuna kitu ndani zaidi kimeumia. Labda litasikia kidogo. Labda halitasikia.

Jumapili, 8 Julai

Kwenye wodi ya wanaume, Kirimi yuko kitanda cha mwisho. Taya limefungwa kwa waya. Nilisimama miguuni pake. Miguu ile ile. Hawezi kusema, akageuza uso ukutani.

Jumatano, 11 Julai

Tumerudi nyumbani. Rahema anainamisha kichwa mtu akizungumza.

Jumatatu, 16 Julai

Polisi waliniuliza kama nataka kumshtaki Muthamia. Nikawaambia mkono ulikuwa wake na ruhusa ilikuwa yangu, na shauri zima lilikuwa langu, kwa hiyo waandike majina yote mawili. Wakaangaliana. Mmoja akasema mzee nenda nyumbani upumzike.

Nilikwenda kwa Celina badala yake. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe kwa mkono mmoja. Tangu mwezi wa tano nimemwita mwanamke huyu mlegevu, buchani na sokoni, watu wakicheka. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia aite ule mkutano alioutaka, na mimi nitakuja niketi nyuma.

"Hapana," akasema, bila kuacha kukata. "Utakaa mbele. Wewe ndio uliwachekesha, wewe ndio utawaambia wanyamaze."

Alhamisi, 26 Julai

Alhamisi tena, kwa makusudi. Celina ndiye aliyechagua siku.

Walikuja wazazi, walimu na wazee. Watoto walikuja pia, wameketi kwenye madawati na sisi tumesimama. Kithinji yuko nje kwa dhamana, aliketi na mwanawe dirishani. Muthamia alikuja na watu wake, midomo bado imevimba. Afisa wa elimu aliletwa na Njoka kwa matatu, asije akapotea njia tena.

Nilisimama nikasema shauri la Alhamisi lilikuwa langu, na kwamba nilicheka wakati Mwalimu Celina aliposema tuwaulize watoto, na kwamba sitaki mtu acheke leo. Hakuna aliyecheka.

Siwezi kuandika kwamba mkutano ulikuwa mzuri. Mtu mmoja alirusha kigoda, kikampata mzee mgongoni. Muthamia alisema mtaona, watoto hawa watawapanda vichwani, akatoka na watu wake, na wakiwa nje walipiga mlango teke. Afisa alitaka kusoma amri tena na Njoka akamwambia, kwa upole, "Bwana, leo utasikiza kwanza." Kithinji aliniangalia muda mrefu, halafu akawaambia wenzake kwamba wazee watachukua vijana waliotahiriwa, kila mmoja na mkubwa wake wa kumwita kando, na kwamba katika kuitwa huko hakutakuwa na kumwaga damu tena. Wengine wakaguna. Walimu wakakubali kukaa na mzazi na mtoto, watatu, kabla ya adhabu yoyote. Mambo mengine hatukumaliza.

Watoto wakaulizwa. Kwa muda mrefu hawakusema, na mimi nilijua kwa nini. Kirimi alifungua mdomo kidogo, waya ukaonekana, akasema neno ambalo halikusikika, akaketi. Kisha Rahema akasimama.

"Mimi sikuwa naogopa kuchapwa," akasema. "Nilikuwa naogopa Alhamisi. Jumatatu naogopa Alhamisi, Jumanne naogopa Alhamisi. Hesabu hazikuwa zinaingia. Na jina la baba yangu lilikuwa jina la kitu cha kuogopa."

Akakaa. Kibibi alikuwa analia waziwazi. Mimi nililia baadaye, machinjioni, mbele ya ng'ombe.

Ijumaa, 3 Agosti

Shule zimefungwa. Rahema amekuwa wa sita, yeye aliyekuwa wa kwanza miaka yote.

Baada ya swala alikuwa buchani nami, ameketi kwenye kigoda anafunga mifupa ya kulisha mbwa kwenye magazeti. Palikuwa na foleni ndefu. Nikamwambia aniletee mfuko. Hakuitika. Nikamwambia tena, sauti imepanda. Aliendelea kufunga, hata kichwa hakuinua. Wateja walikuwa wanatazama, na damu yangu ikachemka kama zamani: "We Rahema! Unajifanya husikii?"

Mkono wangu ulikuwa umeinuka. Sikuuinua mimi, uliinuka wenyewe, uko juu wazi, na kila mtu aliuona.

Rahema aliuona kivuli chake juu ya gazeti. Hakukimbia wala hakujikinga. Alifunga macho akangoja.

Niliushusha mkono nikaushika kwa ule mwingine. Rahema akafumbua macho, akaona mkono umeshuka, akanionyesha kwa kidole sikio lililokuwa upande wangu.

"Baba, huko hakusikii," akasema. "Njoo upande huu."

Nikazunguka gogo, nikaenda upande wake wa kushoto, nikapiga magoti kwenye vumbi la mifupa, nikamwambia tena taratibu kwamba naomba mfuko.